Siombi Radhi kwa Mvinyo Nilioumwaga

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Juu ya duka la fundi saa.
Jumapili, mchana.

Mpendwa wifi yangu,

Shikamoo. Kwanza nianze na goti. Umelipeleka kwa daktari au bado unalibembeleza kwa maji ya moto? Na mapacha je, wameacha kugombea kitanda cha dirishani? Naomba barua hii ikukute umekaa, umetulia, una kikombe cha chai karibu, maana ninayoyaandika si ya kusomwa mtu akiwa amesimama jikoni.

Sisi huku miili ni mizima. Kaka yako anakula, analala, ndevu ananyoa. Mwanetu wa mwisho amepanda darasa. Cherehani yangu haipumziki, kwani msimu huu kila mtu ameona mapazia yake yamechakaa. Afya tunayo, tunashukuru. Kilichotutoka ni utulivu.

Barua yako niliipata Jumatano. Niliisoma nikiwa mlangoni, na viatu bado miguuni, halafu nikakaa nikaisoma upya. Unasema nimekuaibisha. Unasema mke wa yule daktari wetu wa meno alikupigia simu huku analia, akakwambia nilimrushia mumewe glasi mbele ya wageni na kukivuruga chakula chao cha jioni. Ukamalizia: "Mwendee, mwombe radhi, yaishe."

Wifi, nakuheshimu. Wewe ndiye uliyenipokea nilipoingia katika ukoo huu. Wewe ndiye uliyenionya kwamba kaka yako asubuhi haongeleshwi mpaka anywe kahawa. Lakini radhi siombi. Nisikilize kwanza, kisha kama utanikasirikia, unikasirikie kwa kitu nilichofanya kweli.

Sitaki useme nimemsahaulia daktari wema wake. Yeye na kaka yako wamekuwa pamoja tangu shuleni, hilo wanalijua hata majirani. Mama yenu alipougua na lifti ya jengo lake ikawa imekufa, ni yeye aliyembeba mgongoni kushuka ngazi zote mpaka kwenye gari. Siku ile niliona shati lake lilivyolowa jasho, na mpaka leo nikikumbuka namshukuru. Ndiyo maana hili limenichoma zaidi. Angekuwa mtu baki nisingepoteza wino.

Sasa kuna jambo hulijui, na mimi mwenyewe sikulijua mpaka usiku ule. Unakumbuka ile homa iliyomlaza kaka yako msimu wa baridi? Nilikuandikia kwamba amepona. Homa ilipona kweli. Ila iliondoka na pua yake.

Simaanishi mafua. Namaanisha hanusi kitu. Kahawa, sabuni, mkate unaotoka tanuri, moshi, hakuna. Mtu ambaye mjini hapa hakuna anayemwita kwa jina lake, wote wanamwita Pua! Mtu ambaye kazi yake miaka yote hii ni kukaa nyuma ya duka la mvinyo, akafunguliwa chupa, akainusa, akasema ichukuliwe au irudishwe. Ulimi wake ulimbakia. Utamu anaupata, uchachu anaupata, ule ukakasi wa divai nyekundu nzito unaokausha fizi anaupata. Mengine yote alikuwa akiyatoa kichwani, kwa kumbukumbu, kwa kusoma karatasi ya chupa kabla hajaulizwa. Akaenda hivyo mwezi baada ya mwezi, wala hakumwambia mtu. Hata mimi ninayelala ubavuni kwake hakuniambia.

Daktari aligundua. Hakuambiwa, alinusa mwenyewe. Unajua naye siku hizi ni mpenzi mkubwa wa mvinyo. Ana kabati lake la baridi lenye mlango wa kioo, na kila Jumamosi alikuja pale dukani kujifunza kwa kaka yako. Siku moja kaka yako alimfungulia chupa iliyokuwa imeharibika, inanuka tambara bichi, akamwambia, "Hii nzuri, ipeleke nyumbani." Daktari akaichukua. Hakusema neno. Akaenda nayo nyumbani, akamwonyesha mkewe, wakaanza kupanga chakula cha jioni.

Hapo ndipo nakuomba usimame kidogo, wifi. Rafiki wa tangu utotoni amegundua kwamba mwenzake ameugua ugonjwa unaoweza kumtoa kazini. Cha kwanza alichofikiria ni orodha ya wageni.

Tukaalikwa. Mimi, kaka yako, na yule mkandarasi mnene wa vicheko ambaye huwa hakosi palipo na meza. Tulikuwa watano na wenyeji wetu. Mke wa daktari alipika vizuri, hilo simnyimi: nyama ya kuoka iliyolainika, viazi, na jibini za aina aina kwenye ubao. Tulikaa kwenye chumba kile kile nilichokishonea mapazia, yale ya rangi ya mtama yenye bitana. Nilifurahi kuyaona yanaanguka vizuri. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kijivu. Nilidhani tumekwenda kula.

Wakafungua divai nyekundu mbili, moja baada ya nyingine, zote nzito, nyeusi karibu kama juisi ya zambarau. Kila moja daktari alimpa kaka yako chupa aishike, aisome, kisha akamwambia, "Haya Pua, tufundishe." Kaka yako akatufundisha. Wewe unajua anavyozungumza akishika glasi. Anaizungusha taratibu, anafumba jicho moja, halafu maneno yanamtoka hata wewe usiyekunywa unatamani. Alisema ya kwanza ina hasira ya ujana, ya pili ni mzee aliyevua viatu. Tulicheka, na kilikuwa kicheko kizuri. Nilimtazama nikaona fahari, nikajiambia, huyu ni wangu.

Nyama ikaondolewa, daktari akaenda jikoni. Akarudi na sinia la glasi ndogo zimeshajazwa. Alisema ni mvinyo wa kumalizia mlo, ule mtamu ulioongezwa pombe kali ukakaa kwenye pipa mpaka ukageuka rangi ya asali iliyoungua.

"Hii hutaonyeshwa chupa," akamwambia kaka yako. "Leo nataka pua tupu."

Akampa glasi yake kwa mkono wake mwenyewe, wala hakumwachia achague.

Wifi, ile glasi haijafika mezani nikasikia harufu. Ilinijia kali, ikanipanda mpaka kwenye macho. Ilikuwa harufu ya kiti cha daktari wa meno, ile inayokufanya ukaze taya kabla hajakugusa. Mafuta ya karafuu. Nilidhani labda hajanawa mikono alipotoka kliniki. Nikamtazama mkewe. Amejiziba mdomo kwa kitambaa, mabega yanamtikisika. Nikamtazama mkandarasi. Ameinua simu, ameielekeza kwa mume wangu.

Nikaelewa nusu. Nikamgusa kaka yako goti chini ya meza. Alidhani namwambia asiseme mengi, akanitabasamia.

Akaiinua glasi puani. Akavuta pumzi ndefu, macho yamefumba. Karafuu ilikuwa imepakwa nje ya glasi, kuanzia kikonyo mpaka karibu na ukingo, vidole vyake vyote vimeshaloa mafuta, na yeye anavuta pumzi kama mtu aliyefika bustanini.

"Zabibu kavu," akasema. "Lozi zilizokaangwa. Kuna ganda la chungwa hapa, na mbao za kabati la zamani." Akaonja kidogo. "Huu umekaa pipani muda mrefu. Umenyamaza, lakini una mengi."

Daktari akaegemea mbele, sauti laini kabisa, sauti anayowatuliza nayo wagonjwa.

"Na karafuu je, Pua? Hupati karafuu?"

Kaka yako akanusa tena. Alinusa kwa makini, wifi, kwa uaminifu, kama anavyofanya kazi yake.

"Karafuu? Hapana. Huu hauna viungo kabisa."

Ndipo walipopasuka. Mkandarasi alicheka mpaka simu ikamcheza mkononi. Mke wa daktari alilala juu ya meza. Daktari akasimama, akapiga glasi yake kwa kijiko, akatangaza: "Jamani, pua imestaafu! Tuiage kwa heshima!"

Nilikuwa namtazama mume wangu. Alianza kucheka nao, kwa sababu yeye ni mtu wa kucheka na wenzake. Kisha akaona vidole vyake vinang'aa. Akavisugua. Akavipeleka puani, akanusa, akanusa tena. Halafu akanigeukia mimi. Hakuwageukia wao. Macho yale sijawahi kuyaona kwake hata siku tuliyomzika mama. Yalikuwa yananiomba nisijue.

Sasa nakuja kwenye glasi. Andika moyoni, kwa sababu hivi ndivyo ilivyokuwa, na mke wa daktari akitia chumvi yake hiyo ni juu yake. Sikurusha glasi. Nilisimama, nikaichukua glasi iliyokuwa mbele ya kaka yako, nikazunguka meza, nikaumwaga mvinyo ule kwenye sahani ya daktari, juu ya jibini yake, polepole, mpaka tone la mwisho. Glasi nikaiweka chini, nzima, haina hata ufa. Zulia lilichafuka kwa sababu yeye aliruka na kuisukuma sahani. Kama wanataka kulilalamikia zulia, wamlalamikie mrukaji.

Nikamwambia, "Na kipofu naye ungemwekea stuli njiani ili aanguke ucheke?"

Akasema, "Shemeji, ni utani tu. Tumekua na huyu, tunataniana."

Nikamwambia, "Utani anacheka anayetaniwa."

Mkandarasi akataka kujua kama naweza kurudia, hakunasa vizuri kwenye simu. Huyo sikumjibu. Kuna watu ukiwajibu unajipunguzia siku za kuishi.

Tukachukua makoti yetu. Yale mapazia nayo, nakuambia ukweli, yangekuwa yamefungwa kwa pini badala ya pete ningeyashusha nikaondoka nayo.

Tulitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Maduka ya usiku yalikuwa yanafungwa, watu wanateremsha milango ya chuma, na sisi tunapita katikati yao. Tulipofika kwenye ngazi zetu akashika reli, akasema, "Tangu ile homa."

Nikamwambia, "Na mimi unaniambia ngazini?"

Usidhani hasira yangu yote niliimaliza kule kwa daktari. Fungu la kaka yako lilikuwepo, tena kubwa. Maana mara moja nilikumbuka siku niliyorudi nikakuta sufuria ya maharage imeungua mpaka chini, nyumba imejaa moshi, na yeye amekaa chumba cha pili anasoma gazeti na mlango umefungwa. Nilimgombeza nikamwita mzembe. Alikubali kuitwa mzembe. Nikakumbuka pia asubuhi niliyokuta jiko la gesi limeachwa wazi bila moto, na yeye yumo humo humo anapiga pasi shati. Wifi, angewasha kiberiti siku ile leo ungekuwa unaandikiwa barua nyingine na mtu mwingine.

Nilimwambia yote hayo pale pale ngazini. Fundi saa alichungulia akarudisha kichwa ndani.

Kaka yako alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Nilifikiri itarudi. Kila nikiamka nilikuwa naunusa mto wako kwanza. Nilitaka siku nitakayokwambia, niwe nakwambia imesharudi."

Nimekasirika naye mpaka leo. Lakini kwa neno hilo nilimshika mkono, tukapanda ngazi pamoja.

Yule mkandarasi alisambaza ile picha ya simu. Nilijua tu. Asubuhi iliyofuata ilikuwa imeshazunguka kwa marafiki zao wote, na wateja wa duka wamo. Lakini kaka yako alikuwa amewatangulia. Alifika dukani kabla hawajafungua, akamsubiri mama mwenye duka, akamwambia mwenyewe kwa mdomo wake.

Mama yule ni mgumu. Akamuuliza, "Yaani msimu mzima umenichagulia mvinyo bila pua?"

Akamjibu, "Kwa ulimi na kumbukumbu, mama."

"Kumbukumbu haiijui chupa ambayo haijafunguliwa," akamwambia. Na hapo alisema kweli, siwezi kumlaumu. Hakumfukuza. Lakini kiti cha kuonja amempa msichana ambaye kaka yako ndiye aliyemfundisha, na yeye amewekwa nyuma, kupokea makasha na kuyapanga. Anarudi nyumbani na vumbi la maboksi kwenye nywele. Hospitali wanasema pua inaweza kurudi na inaweza isirudi, na wamempa mazoezi ya kunusa ndimu na kahawa kila siku. Ananusa. Nikimuuliza, anatikisa kichwa.

Sasa wewe unaniambia mimi ndiye niombe radhi. Kwa sababu aliyelia kwenye simu alikuwa mke wa daktari? Kaka yako hakukupigia kulia, basi huku hakuna aliyeumia? Umemlea kwa mikono yako, wifi. Ulimfunga kamba za viatu. Ulipaswa kumpigia yeye kwanza, umuulize, "Umefanyiwa nini?" kabla hujanishikia kalamu mimi. Nimekukasirikia kwa hilo na nalisema wazi, kwa sababu nikilikunja nikaliweka nitakuja kukuletea siku mbaya, katikati ya sherehe ya mtu.

Nimalizie la jana, halafu nikuache upumzike.

Jana alasiri nilikuwa nakata bitana kwenye meza ya jikoni, mlango ukagongwa. Daktari. Amevaa vizuri, ana chupa imefungwa utepe. Mke hakuja. Alinisalimia, "Hujambo shemeji," kana kwamba tuliachana vizuri. Sikumkaribisha kiti. Nilikuwa na mkasi mkononi na sikuona sababu ya kuuweka chini.

Kaka yako akatoka chumbani. Na mimi, nikuambie ukweli, nilijua yatakayofuata. Namjua mume wangu. Angesema yameisha, angechukua glasi, angempaka mwenzake mafuta ili asione haya, na mimi ningebaki peke yangu na hasira yangu kama mwendawazimu wa mtaa. Nilishajiandaa kuondoka jikoni.

Daktari akasema, "Ndugu yangu, nilivuka mpaka. Lakini unajua sikuwa na nia mbaya. Tufungue hii, tusahau."

Kaka yako aliitazama chupa. Hakuipokea.

"Ulijua kabla ya mke wangu," akamwambia.

Daktari akacheka kidogo, kicheko cha kujikwamua. "Nilishuku tu."

"Ulijua. Ulikuja dukani Jumamosi zile zote, ukanitazama nikikosea, ukaenda zako. Nilikuwa naogopa, na hakuna mtu hata mmoja niliyeweza kumwambia. Ungenivuta kando ukaniambia, 'Ndugu, nimejua,' ningelia mbele yako na ningekushukuru mpaka kufa."

Hakupaza sauti. Ungekuwa chumba cha pili usingesikia.

Daktari akasema, "Nilimbeba mama yako."

"Ndiyo," kaka yako akamjibu. "Na kwa hilo nitakusalimia kila tutakapokutana njiani. Hapa usije tena."

Akafungua mlango, akasubiri mpaka mwenzake akatoka na chupa yake, akaufunga taratibu bila kuubamiza. Mimi ningeubamiza mpaka saa zote za fundi pale chini zikasimama.

Nikasikia viatu vya daktari vikishuka ngazi.

Kaka yako akaja mezani, akasukuma bitana zangu pembeni, akakaa. Akauliza nimepika nini. Nikamwambia mchuzi wa samaki.

Akasema, "Niambie unavyonukia."

Wifi, mimi maneno hayo sina. Hayo yalikuwa yake. Nilifunua sufuria, nikainama, nikamwambia nilivyoweza: kwamba kitunguu kimeiva kimekuwa kitamu, kwamba ndimu iko juu juu na imetangulia, kwamba samaki yuko chini amenyamaza. Nikakwama. Akasema, "Endelea." Nikaendelea, nikaropoka mambo ya sufuria, ya jiko, ya mvua kwenye shuka nilizoanua. Yeye amefumba jicho moja, anasikiliza.

Mpigie simu. Usimuulize habari za mvinyo wala za daktari. Mwambie tu huko kwako kunanukia nini leo.

Wasalimie mapacha, na uwaambie mke wa mjomba wao, yule mshonaji, anawaandalia mapazia ya chumba chao, wasije wakayatumia kama kamba. Msalimie mume wako, na yule bibi jirani anayekuletea mboga. Mwanetu anakupa shikamoo na kukukumbusha ile picha uliyomwahidi. Kaka yako hajui kama nakuandikia, lakini angejua angesema nikusalimie kuliko wote.

Mungu akupe afya, alitulize goti lako, na akuweke mpaka tutakapokaa meza moja tugombane ana kwa ana.

Ni mimi, wifi yako, ninayekupenda hata leo nikiwa nimekukasirikia.